Malipo Yaliyorudi Kwenye Simu ya Baba

Simu yangu ikiita na neno "Baba" likatokea kwenye kioo, najua ni Mama. Baba alifariki miaka miwili iliyopita. Wiki ileile ya msiba simu ya Mama ilitumbukia kwenye beseni la vyombo, basi akachukua ya Baba, ile ndogo ya vitufe, akaifunga kwenye pindo la khanga na maisha yakaendelea. Sikulibadili lile jina. Siku za mwanzo nilikuwa nashtuka mpaka nadondosha chaki. Baadaye nikazoea, na kusema kweli nikawa nafurahi kidogo kila linapotokea.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa Jumatano, mapumziko ya saa nne. Nafundisha shule ya msingi huko Kishanda, wilayani Muleba, na nilikuwa ndiyo kwanza nimekaa na kikombe changu cha chai. Mama hakunisalimia. Huyu ni mtu ambaye salamu zake huanzia kwa wanangu, zikapita kwa majirani zangu asiowajua hata sura, zikaishia kwa mbuzi. Nikajua kuna jambo.

"Wamekata maji," akasema. "Tangu juzi."

"Wamekataje, Mae, na hela ya bili nilikutumia?"

"Ulituma, nikalipa. Ikarudi."

"Ikarudi wapi?"

"Humu humu, kwenye simu ya baba yako. Na sasa haitoki."

Ilinichukua muda wote wa mapumziko kumtoa maneno. Bili ya maji ya nyumba yetu ya Ijuganyondo, Bukoba, iko kwa jina la Baba, na meseji yake huja kwenye laini ya Baba, ikiwa na namba ndefu ya malipo. Simu ile ukishaingia mahali pa kulipia huwezi tena kuisoma meseji, kwa hiyo Mama ana utaratibu wake: meseji ikija tu, anainakili namba kwenye daftari, tarakimu tatu tatu, halafu anaisubiri hela yangu. Hela ikiingia anavaa miwani, anakaa mlangoni penye mwanga na kubonyeza polepole. Baada ya dakika chache inakuja meseji nyingine: "Ndugu," halafu majina matatu ya Baba kwa herufi kubwa, "malipo yako yamepokelewa. Ahsante." Mama aliipenda sana meseji hiyo. Alinisomea kila mwezi, na majina yote matatu aliyasoma taratibu. Niliwahi kumwambia tubadilishe, bili na laini viwe kwa jina lake, mambo yawe mepesi. Akanijibu, "Mwache baba yako alipe maji yake."

Mwezi ule mshahara wangu ulichelewa, na hela nikaituma kwa kuchelewa. Kumbe katikati ya siku hizo bili ilikuwa imerekebishwa, na meseji mpya imekuja na namba mpya. Mama aliiona, akadhani ni ileile wamerudia kumkumbusha. Akalipa kwa ile ya daftarini. Badala ya ahsante ikaja meseji ya kusema malipo yamekataliwa na fedha imerudishwa. Akaingiwa na hofu, akajaribu tena kwa haraka, akakosea namba ya siri. Akarudia, akakosea. Mara ya tatu akaunti ya hela ikafungwa. Alikaa na siri hiyo karibu wiki tatu, akinipigia kila Jumapili na kuniambia mambo ni mazuri tu.

Niliwaka. Sitaki kujipamba, mimi ni mtu wa kuwaka upesi, na wanafunzi wangu wanalijua hilo kuliko hesabu ninazowafundisha. Nilimwambia Mama mambo ambayo mtoto hapaswi kumwambia mzazi, kwamba daftari lake lile ndilo lililotufikisha hapo, kwamba mtu mzima hafichi jambo kama mtoto aliyevunja chungu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniambia, "Mguu unaniuma. Bondeni kuchota maji siwezi kushuka."

Hapo hasira ikaniisha, nikabaki na aibu.

Mwalimu mkuu alinipa siku mbili. Alfajiri ya Alhamisi nilipanda pikipiki hadi barabara kuu, nikapata gari, na kabla ya saa tatu nilikuwa nyumbani. Ilikuwa kiangazi, majani ya migomba yamejikunja pembeni, na udongo wa njia umegeuka vumbi jekundu. Mama alikuwa na ndoo moja ya maji aliyopewa na jirani, ameifunika sinia, na juu ya sinia kaweka jiwe, utadhani yangeruka. Vyombo vya siku tatu vilikuwa vimepangwa vizuri nje bila kuoshwa. Alikuwa amevaa gauni lake la kwendea kanisani, na daftari liko kwapani.

Tulianzia mjini, kwenye duka la kampuni ya simu, maana hela ilikuwa mle ndani ya laini na Mama hakutaka tulipe mara mbili. Binti wa pale alikuwa mpole. Akaangalia namba, akauliza, "Mwenye laini ni nani?"

"Mume wangu," akasema Mama.

"Aje mwenyewe na kitambulisho. Ataweka kidole hapa, tunafungua dakika moja."

"Yuko safarini."

Nilimgeukia Mama. Alikuwa akimtazama yule binti usoni, bila kupepesa.

"Akirudi aje, mama. Bila kidole chake siwezi kitu."

"Nimekuelewa, mwanangu. Hatarudi karibuni."

Tulipotoka nje nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikufanya lolote kati ya hayo. Nilimuuliza kwa nini anadanganya. Akaniambia hajadanganya. Basi nikasema, iache hiyo hela, tutalipa kwa simu yangu, twende ofisi ya maji watupe namba mpya. Nilidhani jambo lenyewe ni jepesi kiasi hicho.

Ofisi ya maji kulikuwa na foleni, tukaketi kwenye benchi. Hapo ndipo Mama aliponishika kiganja na kuniambia kwa Kihaya, polepole, "Wakiuliza, usiseme baba yako amekufa."

"Kwa nini, Mae?"

"Wakiandika amekufa watataka mrithi."

Nilijua anachosema. Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa, kama ilivyo desturi yetu, na omusika, yaani mrithi wa Baba, akatangazwa. Ni kaka yangu mkubwa, aliyezaliwa na mwanamke mwingine kabla Baba hajamwoa Mama. Alikalishwa kwenye kiti cha Baba, akakabidhiwa mundu na mkuki, na sisi wengine tukaambiwa kwamba tangu siku hiyo huyo ndiye baba yetu. Nyumba, kibanja kinachoizunguka na migomba yote vikawa mikononi mwake. Kuhusu Mama, mzee mmoja wa ukoo alisimama akasema, "Mama yenu atakaa hapa mpaka Mungu atakapomwita." Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Mama peke yake ndiye aliyeinamisha uso, kwa sababu alikuwa amekaa pale miaka arobaini bila kuruhusiwa na mtu, na sasa alikuwa ameruhusiwa.

Muhtasari wa kikao uliandikwa, ukasainiwa, kaka akaondoka nao kwenda Muleba mjini, ambako ana duka la vifaa vya ujenzi. Akauweka sandukuni. Hakuutumia popote. Si mtu wa tamaa, na wala hakuwa na haraka. Mama naye alikuwa amepiga hesabu zake kimyakimya: kama karatasi ile haitoki kwenye sanduku, basi nyumba ni ya mume wake, na yeye ni mke mwenye nyumba yake. Kila mwezi ofisi ya maji ilimhakikishia hivyo kwa meseji. Hayo yote niliyaelewa pale kwenye benchi, nikiwa nimechelewa kwa miaka miwili, nikamwahidi kwamba sitasema.

Zamu yetu ikafika. Kijana wa dirishani, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, alifungua kompyuta, akaona kila kitu. Namba mpya angetupa, hilo halikuwa na shida. Tatizo ni kwamba huduma imeshakatwa, na kurudishiwa maji kuna fomu ambayo mwenye akaunti anaisaini mwenyewe.

"Mzee yuko wapi?"

"Yuko safarini," akasema Mama.

"Safari ya wapi?"

"Mbali."

"Sawa, mama, usijali." Kijana alitabasamu. Alitaka kutusaidia, na ndiyo maana siwezi kumchukia mpaka leo. "Ngoja nimpigie. Akikubali kwa simu, nitawapa fomu mkamsainishe akirudi. Namba yake ninayo hapa."

Sikuwahi kufikiri kwamba mtu angeipiga. Akanyanyua simu ya mezani, akabonyeza, na kwenye pindo la khanga ya Mama ikaanza kuita.

Iliita kwa mlio wa Baba, ule wa kinanda alioupenda, wa sauti ya juu kwa kuwa masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka. Watu kwenye benchi wakageuka. Mama alilishika fundo kwa mikono miwili akalibana tumboni, na simu ikaendelea kuita humo ndani. Kijana alikuwa na chombo sikioni, anamtazama. Nyuma yetu mtu akacheka kidogo. Yule aliyecheka ndiye aliyenimaliza. Niligeuka, nikapaza sauti ofisi nzima isikie.

"Amekufa! Mzee amekufa, ana miaka miwili kaburini, na bili zake amelipa kila mwezi kuliko ninyi mlio hai! Mnataka nini tena?"

Kijana akaweka simu chini, na ile ya kwenye khanga nayo ikanyamaza. Mama hakunitazama.

"Poleni sana," kijana akasema, na alimaanisha. Akaandika kitu kwenye kompyuta. Nilimwona akiandika, vidole vyake vikienda upesi, na nilitamani nimshike mkono. "Sasa hapa, ndugu yangu, siwezi tena kufanya chochote kwa jina la marehemu. Akaunti nimeisimamisha. Mtaniletea muhtasari wa kikao cha ukoo, na mrithi aje mwenyewe."

Nilianza kumbembeleza. Nilimwomba asahau nilichosema, afute, aandike chochote. Sauti iliyokuwa kubwa dakika moja kabla ikawa ya mtu anayeomba chumvi. Akaniambia kwa upole kwamba ameshaingiza na kufuta hawezi. Nikasema basi andikeni jina la mama, huyu hapa, ndiye mjane, ndiye anayekaa mle. Akauliza kama muhtasari unamtaja yeye. Nikageuka kutafuta mlango.

Kwenye ngazi za ofisi Mama alisimama kupumzisha mguu. Nilisubiri anitukane. Angenitukana ningepata nafuu.

"Umechoka," akaniambia. "Uliamka mapema."

Ilibidi nimpigie kaka mimi mwenyewe. Nilimweleza huku nimesimama juani, na nilikuwa najiandaa kugombana naye, maana kugombana najua. Hakunipa nafasi. Alisikitika kwa dhati. Akauliza kwa nini hatukumwambia mapema, mama yake ateseke na maji wakati yeye yupo? Akasema kesho asubuhi atakuwa Bukoba na karatasi zote.

Na kweli akaja. Saa mbili kamili Ijumaa gari lake dogo la mizigo lilikuwa uani, na nyuma amebeba madumu sita ya maji kutoka kwake. Alimpigia Mama magoti kidogo akamsalimia vizuri, akayashusha madumu mwenyewe, akayapanga jikoni. Muhtasari ulikuwa ndani ya bahasha ya plastiki, haujakunjwa hata kona. Nilimtafutia kosa nikakosa. Ningemlaumu kwa lipi mtu ambaye amefanya kila kitu sawasawa? Hasira yangu ilibaki mikononi bila pa kuiweka.

Ofisini alilipa deni lote, akalipa na gharama ya kurudishiwa, akakataa hela yangu. Kijana wa jana alitukaribisha ndani, tukapewa viti. Akausoma muhtasari, akaandika jina la kaka mahali pa mwenye akaunti, namba yake ya simu, namba ya kitambulisho. Kisha akaenda sehemu ya chini, mahali pa mtu anayetumia maji ndani ya nyumba. Palikuwa na visanduku viwili. Kimoja kimeandikwa mmiliki, kingine mpangaji. Akaweka alama bila kufikiri, akamgeuzia Mama fomu na kalamu.

Mama alivaa miwani. Huwa hasaini kitu bila kukisoma, alisomeshwa na masista na anajivunia hilo. Alisoma kuanzia juu kabisa, kidole kikifuata mstari. Kilipofika kwenye kile kisanduku kikasimama.

"Mpangaji," akasoma.

Akainua macho kutoka kwenye fomu.

"Kodi nitamlipa nani?"

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua utaratibu, ili asikosee tena. Kijana akainamisha macho, akasema mama hiyo ni fomu tu, mashine inakubali viwili hivyo basi, mmiliki hawezi kuandikwa mara mbili. Kaka akacheka kicheko cha aibu, akambembeleza kwa Kihaya. "Mae, waitu, kodi gani tena? Usiseme hivyo. Pale ni kwako."

Mimi ninajua kwamba kuna njia nyingine. Kuna mahakama, kuna wanasheria wanaosaidia wajane bure, nimewahi hata kubandika tangazo lao ubaoni shuleni. Nilifungua mdomo. Mama akanitazama, mara ya kwanza tangu jana yake, na nikaona kwamba hataki. Kupinga pale kungemaanisha kuuita ukoo tena, kumkalisha kaka aliyeleta madumu ya maji mbele ya wazee na kumwambia mama yako wa kambo anakudai nyumba. Asingeyaweza hayo, na mimi nilikuwa nimeshamsemea vya kutosha.

Akasaini. Mwandiko wake bado ni mzuri, wenye mikia mirefu. Palihitajika shahidi, nikasaini mimi.

Saa tisa fundi alifika akafungua maji. Bomba lilikohoa, likatoa kutu, kisha yakaja safi. Mama akaosha vile vyombo vyote, akatupikia ndizi na maharage, akamtengea kaka kiti cha Baba bila kuambiwa. Tulikula tukizungumza habari za bei ya kahawa. Kaka alipoinuka kuondoka, Mama alimsindikiza mpaka kwenye gari, akichechemea, na mimi nyuma yao.

Pale penye gari akasimama. Akakusanya khanga yake vizuri, kama afanyavyo akiongea na padri, akamwambia kaka, "Kuna mkungu umekomaa kule nyuma ya jiko. Nilikuwa naomba niukate, nimpe mwenzio abebe Kishanda."

Migomba ile ya nyuma ya jiko aliipanda yeye. Machipukizi aliyaleta kichwani kutoka kwao, mwaka niliozaliwa mimi.

"Mae!" Kaka alishtuka kabisa. "Unaniuliza mimi? Si ndizi zako?"

"Nauliza tu, baba," akasema Mama.

Kaka akampa ruhusa, angefanya nini. Mama akashukuru, akarudi ndani kuchukua mundu.

Mpaka sasa anauliza.